Nauli ya mzigo ikizua ugomvi eBay: hatua za mnunuzi na za muuzaji

Mtu ameshinda mnada wa redio ya zamani kwenye eBay, soko la mtandaoni la Marekani, kwa dola 31. Anafungua ukurasa wa malipo, anakuta nauli ya mzigo ni dola 58. Anamwandikia muuzaji kwa hasira, muuzaji anajibu kwa hasira zaidi, na baada ya siku mbili watu wasiojuana kabisa wanaitana wezi. Ndugu na jamaa wa Dar es Salaam, Mombasa na walioko Marekani huniletea mazungumzo ya namna hii wakiwa wameshakwama, na karibu yote yamekwama mahali pamoja. Hakuna aliyetazama kwanza kama hiyo dola 58 ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo kabla dau halijawekwa.

Hilo ndilo linaloamua mengine yote. Kwa kanuni za eBay, kuweka dau ni kukubali kununua kwa masharti yaliyo kwenye tangazo, na nauli ni mojawapo ya masharti hayo. Kama iliandikwa, mnunuzi anaweza kuomba ipunguzwe, na muuzaji anaweza kukataa. Kama haikuandikwa, au muuzaji anataka kuiongeza baada ya mnada kufungwa, hapo mnunuzi hana haja ya kuomba. Anadai haki yake. Ukishajua uko upande upi, utajua pia uandike kwa sauti gani.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye tangazo

Usianzie kwenye risiti. Fungua orodha ya ulivyonunua, ingia kwenye tangazo la awali, upige picha ya skrini sehemu nzima ya usafirishaji. Fanya hivyo siku hiyohiyo, maana tangazo la mnada uliofungwa halikai hewani daima.

Tazama kiasi cha nauli, jina la huduma ya usafirishaji, na msimbo wa posta uliotumika kupata kiasi hicho. Hilo la mwisho ndilo watu hulipita. Wauzaji wa eBay huweka nauli kwa njia mbili. Wengine huweka kiasi kimoja kwa wanunuzi wote: wameandika dola 15, basi aliye mji wa jirani na aliye pwani ya pili ya nchi wote watalipa 15. Wengine huingiza uzito na vipimo vya boksi, halafu mtambo unakokotoa nauli kulingana na mahali alipo mnunuzi. Kwa njia hii ya pili, ukitazama tangazo ukiwa Mwanza bila kuingia kwenye akaunti yako utaona kiasi kimoja, na ukiingia na anwani ya wakala wako wa New Jersey, yule anayekupokelea mizigo Marekani, utaona kingine. Muuzaji hajabadilisha kitu. Weka anwani sahihi kwanza, soma kiasi, ndipo uweke dau.

Yapo pia matangazo yasiyo na kiasi chochote, yanayokutaka uwasiliane na muuzaji ili akuambie nauli. Hayo yasubirie jibu la maandishi kabla hujagusa kitufe cha dau. Mnada ukifungwa bila nauli kutajwa, kila upande utadai mwenzake alipaswa kuuliza, na wote watakuwa na sehemu ya ukweli.

Hatua ya pili: piga hesabu ya nauli wewe mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya lawama za nauli hutoka kwa watu wanaodhani mzigo hulipiwa kwa uzito wake wa mizani peke yake. Kampuni za usafirishaji huuza nafasi pia. UPS na FedEx hupima urefu, upana na kina cha boksi kwa inchi, huzidisha vipimo hivyo vitatu, kisha kwa kawaida hugawa kwa 139. Jibu linalopatikana huitwa uzito wa ujazo, kwa ratili (ratili moja ni karibu nusu kilo). Unalipia ule ulio mkubwa kati ya uzito wa ujazo na uzito wa mizani. Posta ya Marekani, USPS, nayo huhesabu ujazo boksi likizidi futi moja ya ujazo.

Chukua redio yetu. Ina uzito wa ratili 20 ikiwa imefungwa, na yenyewe ni inchi 16 kwa 10 kwa 8. Muuzaji mwenye hofu ya kuvunjika anaiweka kwenye boksi la inchi 24 kwa 18 kwa 16. Zidisha: 6,912. Gawa kwa 139: ni karibu 50. Redio ya ratili 20 sasa inalipiwa kama mzigo wa ratili 50. Muuzaji mwingine anaiwekea inchi mbili za kinga kila upande, boksi linakuwa 20 kwa 14 kwa 12. Zidisha upate 3,360, gawa, ni 24 na kidogo, na kampuni itaihesabu 25. Redio ni ileile, njia ni ileile, ila uzito wa kulipia umepungua nusu kwa sababu ya boksi tu.

Kwa mizigo ya kimataifa kampuni kubwa za vifurushi, DHL ikiwemo, hupima kwa sentimita na kugawa kwa 5,000 ili kupata kilo. Lile boksi kubwa linatoka kilo 23. Lile dogo linatoka kilo 11. Kwa hiyo kabla hujamshutumu mtu, muulize vipimo vya boksi la nje, siyo vya bidhaa. Ukivipata, ingia kwenye kikokotoo cha nauli cha USPS, UPS au FedEx, ambacho ni bure kwa kila mtu, uweke msimbo wa posta wa muuzaji, wa kwako, uzito na vipimo. Sasa una namba ya kuzungumzia.

Usisahau kwamba muuzaji halipi posta tu. Tangu mwaka 2011 eBay hukata ada yake kwenye jumla yote, nauli ikiwemo. Sababu yake ni kwamba kabla ya hapo walikuwepo wauzaji walioandika bidhaa kwa senti moja na nauli dola 50 ili kukwepa ada. Leo ada hiyo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 13 na kidogo. Tuseme muuzaji amekutoza dola 20 za nauli na wewe ukaona lebo ya posta, yaani nauli aliyolipa yeye, ilimgharimu 16. Asilimia 13 ya 20 ni dola 2.60. Kinachobaki baada ya ada na lebo ni dola 1.40, na hapo bado hajanunua boksi, selotepu na plastiki yenye mapovu. Tofauti ya dola nne haina wizi ndani yake, na sioni sababu ya kuipigania. Kanuni za eBay zinamruhusu muuzaji kutoza posta, vifaa vya kufungia na gharama za kushughulikia mzigo. Zinachokataza ni kiasi kilichopitiliza, na nyongeza zinazochomekwa baadaye.

Kosa lisilo na utetezi ni kulipishwa huduma moja na kutumiwa nyingine. Tangazo limesema Priority Mail, huduma ya haraka ya USPS, kifurushi cha vitabu kimefika kwa Media Mail, ile huduma ya bei nafuu ya USPS kwa vitabu, CD na DVD, ambayo huenda polepole. Jina la huduma huwa limechapishwa kwenye lebo. Piga picha ya lebo kabla hujachana boksi, kwa sababu huo ni ushahidi mzuri, na watu wengi huutupa pamoja na taka.

Hatua ya tatu: andika ujumbe mmoja wenye ombi moja

Kama hujalipa bado, una nafasi nzuri kuliko utakayoipata baadaye, ila haidumu. Mnunuzi ana siku nne za kulipa. Zikipita, muuzaji anaweza kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa, na alama hiyo inabaki kwenye akaunti yako. Andika siku ya kwanza.

Tumia sehemu ya ujumbe ndani ya eBay, kwa lugha anayoielewa muuzaji, kwa sentensi fupi. Taja bidhaa, taja namba, uliza swali, toa ombi, ufunge. Mfano:

"Habari za leo. Nimeshinda mnada wa redio, asante. Nauli iliyoandikwa ni dola 58. Nimepiga hesabu kwa boksi la inchi 20 kwa 14 kwa 12 lenye ratili 20, nikapata karibu dola 35 kwa huduma hiyohiyo. Boksi utakalotumia lina vipimo gani? Kama linaweza kuwa dogo zaidi, naomba unitumie ankara mpya kabla sijalipa. Nitalipa siku hiyohiyo."

Ujumbe huu hauna neno la kumkera mtu. Unampa muuzaji njia ya kupunguza bila kukiri kosa, na muuzaji mwenye boksi kubwa bila sababu huwa anapunguza. Sentensi ya mwisho kuhusu kulipa siku hiyohiyo ina nguvu kuliko malalamiko yote, kwa kuwa kinachomsumbua muuzaji wa mnada ni mtu anayeshinda kisha akapotea.

Usichanganye nauli na mambo mengine. Ukianza na nauli, ukaingia kwenye mkwaruzo usioonekana kwenye picha, ukamalizia na ucheleweshaji, atajibu lile jepesi na kuyaacha mengine. Na usiandike kamwe kwamba utampa maoni mabaya asipokurudishia pesa. eBay inahesabu hilo kuwa ni ulaghai wa kutumia maoni, na muuzaji akilipeleka kwao, maandishi yako mwenyewe ndiyo yatakayokuhukumu. Maoni unayo haki ya kuyaandika baadaye, kwa ukweli, bila kuyageuza silaha ya mazungumzo.

Ukishinda minada mitatu ya muuzaji mmoja, omba ankara ya pamoja kabla ya kulipa hata mmoja. Kuna kitufe cha kuomba jumla kwa muuzaji. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya, kwa kuwa vitabu vitatu ndani ya boksi moja havistahili nauli tatu. Ila soma vizuri: baadhi ya minada siku hizi huomba kadi mapema na kukata pesa mara tu unaposhinda. Kwa minada hiyo muulize muuzaji kabla ya dau kama huunganisha mizigo, na kama atarudisha kilichozidi. Jibu lake likiwa ndani ya ujumbe wa eBay, umeshapata ahadi inayoonekana.

Hatua ya nne: muuzaji akidai nyongeza baada ya mnada

Tangazo lilisema dola 15. Umelipa. Kesho yake unapata ujumbe: posta wamesema ni 48, nitumie 33 ndipo nitume mzigo.

Hapa haki iko kwako. Muuzaji alijiwekea mwenyewe nauli, na hairuhusiwi kumtoza mnunuzi zaidi baada ya mauzo. Mjibu kwa utulivu kwamba umelipa jumla iliyoandikwa na unasubiri mzigo kwa masharti hayo. Ukitaka kumsaidia kwa sababu ni mtu mwema na amekosea kweli, unaweza kukubali mauzo yafutwe na urudishiwe pesa yote. Huo ni uamuzi wako, usilazimishwe. Akikuomba wewe ndiye ubonyeze kitufe cha kuomba kufuta, ujue sababu yake: muuzaji akifuta kwa upande wake kwa kukosa kutimiza mauzo, huhesabiwa kasoro, na kasoro zikizidi asilimia 2 ya mauzo yake akaunti hushushwa daraja. Sababu itakayoandikwa iwe ya kweli.

Nyongeza hiyo usiilipe nje ya eBay kwa hali yoyote. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa tunalifanya sana sisi kwa sisi. Muuzaji akigundulika ni Mkenya wa Texas au Mtanzania wa Ohio, mazungumzo huhamia WhatsApp, na pesa hupita M-Pesa au Zelle, huduma ya Marekani ya kutumiana pesa, kwa kuaminiana. Mambo yakienda vizuri ni sawa. Yakienda vibaya, eBay haioni malipo hayo wala ujumbe huo, na huna mlango wa kubisha. Unaweza kukataa bila kumvunjia mtu heshima: "Kaka, mimi sina shaka na wewe, ila tuyaweke hapahapa ndani ili kila mtu awe salama." Mwenye nia njema hatachukia.

Hatua ya tano: ukiwa wewe ndiye muuzaji

Pima mzigo ukiwa umeshafungwa, kabla ya kuandika tangazo. Mizani ya jikoni na futikamba vinatosha kwa vitu vidogo. Wauzaji wengi hupima bidhaa tupu, halafu boksi na karatasi za kujazia huongeza ratili mbili au tatu. USPS wana mfumo unaopima vifurushi vikiwa njiani. Ukiwa umedanganya au umekosea uzito au kipimo, tofauti inakatwa kwenye akaunti uliyonunulia lebo, wiki kadhaa baadaye, wakati mnunuzi ameshasahau. Huwezi kumrudia.

Mnunuzi akilalamika, fungua kumbukumbu ya lebo utazame ulilipa kiasi gani kweli. Kama umemtoza dola 58 na lebo ni 34, hata ukitoa ada na boksi kuna pesa yake mkononi mwako. Tumia kitufe cha kurejesha sehemu ya malipo, umrudishie, umwandikie hivi: "Habari dada, nimetazama lebo, nauli imetoka chini ya makadirio yangu. Nimekurudishia dola 15, utaziona kwenye akaunti baada ya siku chache. Pole kwa usumbufu." Muuzaji hana haki ya kumpa mnunuzi maoni mabaya tangu mwaka 2008, hivyo huna cha kumtisha nacho, na kumtisha hakufai. Dola 15 zilizorudishwa kabla hajafungua kesi zina thamani kuliko maelezo marefu baada ya kesi.

Kama ni wewe uliyeandika kidogo, kubali hasara ikiwa unaweza kuibeba. Kabla hujakata tamaa, jaribu mambo mawili. Punguza boksi, kwa ile hesabu ya juu. Na tazama maboksi ya bei moja ya USPS, yale ya Flat Rate, ambayo hubeba hadi ratili 70 kwa bei isiyobadilika na uzito: kitu kidogo kizito kama vipuri vya cherehani hushuka bei sana humo.

Kwenye tangazo lijalo, weka nauli ya kukokotolewa kwa kila kitu kikubwa kuliko boksi la viatu. Na andika vipimo vya boksi la nje ndani ya maelezo. Wanunuzi makini watakushukuru, hasa wanaotumia mawakala.

Hatua ya sita: bidhaa mbovu, na nauli ya kurudi

Kesi hizi zina kanuni iliyo wazi, kwa hiyo sitarefusha. Bidhaa ikifika ikiwa imevunjika au si kama ilivyoelezwa, muuzaji ndiye analipia kuirudisha, na anarejesha bei pamoja na nauli ya kwanza, hata kama tangazo lake limeandika kwamba hapokei vitu vinavyorudishwa. Mnunuzi akibadili mawazo tu, hufuata sera ya tangazo: mara nyingi analipia kurudisha mwenyewe, na nauli ya kwanza hairudi. Anayesema kitu ni kibovu wakati kizima, ili kukwepa nauli ya kurudisha, anamwibia mtu.

Mzigo usipofika, muuzaji ndiye anayepaswa kuonyesha namba ya ufuatiliaji inayothibitisha umefikishwa kwenye anwani. Kwa mauzo ya dola 750 na zaidi inahitajika na sahihi ya mpokeaji. Muuzaji anayebana matumizi kwa kutuma kitu bila ufuatiliaji anacheza na pesa yake yote, siyo na nauli tu.

Hatua ya saba: kama mzigo unapitia kwa wakala kuja Afrika Mashariki

Wengi wetu hatuletewi moja kwa moja. Muuzaji hutuma kwenye ghala la wakala New Jersey, Delaware au kwingineko, kisha wakala huleta kwa kilo kwa ndege au kwa CBM, yaani mita za ujazo, kwa meli. Hizi ni nauli mbili, za watu wawili, wenye makubaliano mawili. Muuzaji wa eBay hahusiki na ya pili, hata kama boksi lake kubwa ndilo lililoipandisha. Ndiyo maana vipimo huulizwa kabla ya dau. Boksi letu kubwa ni takriban CBM 0.113 na dogo ni 0.055, na kwa anayelipa kwa CBM hiyo ni zaidi ya mara mbili.

Sasa soma hili kwa makini. Ulinzi wa eBay kwa mnunuzi haufuniki bidhaa iliyosafirishwa tena kwenda anwani nyingine baada ya kufikishwa kwenye anwani ya kwanza. Kwa eBay, mzigo ulipopokelewa ghalani umefika. Na siku 30 za kufungua kesi zinahesabiwa kuanzia hapo. Kontena linaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo kufika Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo unapofungua boksi Kariakoo na kukuta kioo kimepasuka, mlango ulishafungwa. Mwombe wakala afungue boksi ghalani, apige picha za bidhaa, za lebo na za kipimo cha mizani, kabla hajalipakia. Hata akitoza dola chache kwa kazi hiyo, mlipe. Ukiona kasoro kwenye picha, mwambie asisafirishe, ufungue kesi mzigo ukiwa bado Marekani, kwenye anwani ileile uliyofikia.

Ugomvi na wakala mwenyewe mara nyingi ni wa vipimo. Alisema CBM 0.06, ankara imekuja na 0.11. Mwombe picha ya boksi likiwa na futikamba pande zote tatu. Uliza pia kama ana kiwango cha chini cha kutoza, na kama bei yake imejumlisha ushuru na kutoa mzigo bandarini au ni nauli tupu. Kama ushuru haumo, jua kwamba forodha za Afrika Mashariki, kwa mzigo wa meli, huhesabu ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. VAT nayo, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, inakuja juu ya hapo. Nauli iliyozidishwa kwenye ankara inakugharimu mara ya pili forodhani. Irekebishe kabla haijawasilishwa. Na usimwombe muuzaji wala wakala aandike kiasi pungufu ya ukweli ili kupunguza ushuru. Hilo ni kosa la kisheria na mzigo unaweza kushikiliwa.

Walio Uingereza, Kanada au nchi nyingine zinazohudumiwa na mpango wa eBay wa usafirishaji wa kimataifa wana unafuu: muuzaji hutuma hadi kituo cha eBay ndani ya Marekani, na kuanzia hapo safari ni jukumu la eBay. Kama nauli hiyo ni kubwa, muuzaji hana uwezo wa kuipunguza, msimsumbue. Mwulizeni kama anaweza kutuma mwenyewe kwa njia nyingine.

Hatua ya nane: kufungua kesi

Hakuna kitufe cha eBay kinachosema nauli imezidi. Kama nauli iliandikwa na ukalipa, kesi ya nauli peke yake haitakupa kitu. Unachoweza ni kuripoti tangazo kwa nauli iliyopitiliza na kuandika maoni ya kweli ndani ya siku 60. Kesi hufunguliwa kwa mzigo usiofika au bidhaa isiyo kama ilivyoelezwa, na hapo nauli hurudi pamoja na bei.

Fungua ndani ya siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku ya mwisho uliyoahidiwa kuwa utafika. Muuzaji ana siku tatu za kazi za kushughulikia. Zikipita bila suluhu, iombe eBay iingilie kati. Usisubiri kwa sababu ameahidi atakujibu kesho, kwa kuwa nafasi ya kuomba uamuzi nayo ina mwisho, siku 21 za kazi tangu kesi ifunguliwe. Uamuzi ukikuangukia vibaya na una ushahidi mpya, una siku 30 za kukata rufaa.

Kwenye kesi ambatanisha vitu vichache vinavyosomeka haraka: picha ya tangazo ikionyesha nauli na huduma, picha ya lebo, picha ya boksi likiwa na futikamba, na ujumbe mmoja ambamo muuzaji alikubali au alikataa. Anayesoma hana muda wa mazungumzo ya kurasa kumi.

Benki iliyotoa kadi yako ni njia ya mwisho. Ukipeleka madai benki, eBay hufunga kesi yake na kusubiri benki iamue, kwa hiyo usiende kote kwa pamoja. Na kama ulilipa kwa kadi ya hapa nyumbani Tanzania au Kenya, piga simu benki mapema uulize muda wao wa kupokea madai na fomu wanayotaka, ukiwa bado unasubiri uamuzi wa eBay.